Ana Miaka Miwili, Jino Hana

Meza fupi ya mgahawa tuliyoizunguka sakafuni ilijaa hadi pa kuweka kiwiko hapakuwepo, na bado hakuna aliyekula.

Ndivyo zilivyo siku za wazazi wa pande mbili kukutana. Kila mtu anainua vijiti, anasifia kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili, kisha anavirudisha chini taratibu kana kwamba vitalia. Upande wa pili alikaa Mama Muyeol, mjane mwenye duka la dobi hapahapa mjini kwetu Wonju, mgongo umenyooka kama aliyemeza ufagio. Kando yake alikuwa binti yake Sebin, amempakata mwanawe Doha. Upande wetu tulikuwa wawili tu, mimi na mjukuu wangu Danbi, maana wazazi wake walitangulia angali mdogo, nikawa mimi ndiye baba, mimi ndiye mama. Na pale mwisho wa meza alikaa bwana harusi mtarajiwa, Muyeol, tai imemkaba, jasho linamtoka puani.

Nilimwona akimtazama Danbi kupitia mvuke wa supu. Kutazama gani kule! Kama mtu aliyeshinda juani akaona mtungi wa maji. Danbi akainamisha uso, lakini sikio lake lililokuwa upande wangu likawaka jekundu kama pilipili iliyoanikwa. Nikajisemea, hawa hata tukiwakataza, ni kama kuukataza mto usiende bondeni.

"Bosi, nikuongezee chai?" Muyeol akamuuliza Danbi.



"Umemwitaje?" Mama Muyeol akaweka kijiko chini.

"Ni mazoea ya kazini, Mama. Ulimi umeteleza."

"Ulimi hautelezi pasipo utelezi. Leo bosi mbele ya wakwe, kesho bosi chumbani." Akanigeukia mimi. "Bibi Danbi, unisamehe, mimi sina mdomo wa kuficha. Mjukuu wako ni mzuri na ana adabu, macho yangu yameona. Lakini amemzidi mwanangu miaka minne, na kazini ndiye anayemtuma. Mwanamume huyo atapumulia wapi?"

"Atapumulia puani, mwenzangu, kama wanaume wengine."

Sebin alicheka, akajifanya anakohoa. Danbi akanifinya paja chini ya meza.

"Bibi, nakuomba."

"Nimejibu swali tu, mwanangu."

Niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtajua kilichotupata. Danbi na Muyeol wako katika kampuni ya Onsori, inayotengeneza vyombo vya hospitali. Walikuwa wametengeneza kitu ambacho mimi nilikibandika jina la Sikio. Ni kidude cha duara, mfano wa andazi la mchele. Unabonyeza umri wa mtoto, unakiweka kifuani pake, kinausikiliza moyo wake, halafu akili mnemba iliyomo ndani inasema kama moyo ule ni mzima au mtoto apelekwe kwa daktari. Akili ile haikuzaliwa na ujuzi. Ilifundishwa kama mtoto wa shule, ikasikilizishwa mioyo kwa maelfu na kuambiwa, huu ni wa mtoto wa umri fulani, mzima, na huu ni wa fulani, mgonjwa. Mwalimu wake alikuwa Muyeol. Danbi ndiye msimamizi wa mradi. Yeye hafundishi wala hashiki waya. Kazi yake ni kuuliza maswali mpaka watu wamchukie, kisha kusema kitoke au kisitoke.

Na alikuwa ameshasema kitoke. Masanduku ya kwanza yangeondoka Jumatatu kwenda zahanati za vijiji vya milimani, kule kusikokuwa na daktari wa watoto. Siku hiyohiyo Muyeol angepandishwa cheo, apewe kitengo chake mwenyewe, asiwe tena chini ya Danbi. Hiyo ndiyo sababu hasa ya Mama Muyeol kukubali kuja kukaa nasi. Habari za cheo alikuwa ameshawatangazia wateja wake wote, hadi wale wanaoleta soksi tu.

"Jumatatu kila mtu atakuwa na ofisi yake, Mama," Muyeol akasema. "Neno bosi halitasikika tena."

"Basi Jumatatu ikipita salama, tutapanga tarehe ya harusi," akajibu mama yake. "Isipopita, sina tarehe."

Danbi aliinua macho, Muyeol naye akainua ya kwake, yakakutana hapo katikati ya bakuli za mboga. Jumatatu ilikuwa inawadia. Nani angeizuia?

Chumba bado kilikuwa kigumu, na mimi chumba kigumu hukilainisha kwa kitu kimoja tu.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega, Bibi!" Sebin akaitikia, mtoto mzuri yule.

"Hatambai, hasemi, jino hana, na ana miaka miwili."

Wakafikiri. Mama Muyeol alijifanya hana habari, lakini nikaona midomo yake inahesabu.

"Kobe?" Muyeol akajaribu.

"Nipe mji!"

"Nakupa Seoul, Bibi."

"Seoul ya nini? Kelele tupu. Nipe Sokcho, nile samaki." Akanipa Sokcho. "Ni huyo mpwa wako aliyelala hapo!"

Wakaangua kicheko wote. Doha alizaliwa siku za mwisho za Desemba. Kwetu sisi wazee mtoto hutoka tumboni na mwaka wake mmoja tayari, na mwaka mpya unapobisha hodi, kila mtu anaongezewa mwingine, mkubwa na mchanga. Sasa ilikuwa Aprili, majuzi tu walikuwa wamemfanyia sherehe ya siku mia, na kwa hesabu yetu ni mtu wa miaka miwili. Sheria mpya imetaka sote tuhesabu kama walimwengu wengine wanavyohesabu. Karatasi zimetii. Midomo ya mabibi bado.

"Ni kweli!" Mama Muyeol akapangusa machozi ya kicheko. "Juzi sokoni nimeulizwa ana miaka mingapi, nikasema miwili. Muuza mboga akanishika mkono, akanipa pole! Kadhani mtoto hakui!"

Tukacheka zaidi. Chumba kikalainika kama unga uliopata maji. Ndipo nilipotazama kando yangu, nikaona Danbi hacheki. Vijiti vyake vilikuwa vimesimama hewani, na kipande cha figili kimeangukia kwenye gauni lake jipya asijue.

"Muyeol," akasema polepole. "Wale watoto wa milimani. Ulipokwenda kurekodi mioyo yao, walikuwa wakiletwa na nani?"

"Mabibi zao. Mama zao wako kazini mchana. Kwa nini?"

"Na umri wao ulitajiwa na nani?"

Kicheko kilimfia kijana wa watu mdomoni. Nikaiona rangi ikimtoka usoni, kuanzia kwenye paji la uso ikishuka.

"Tarehe zao za kuzaliwa zipo," akasema haraka. Kisha akasema, "La. Zilifutwa. Zilifutwa pamoja na majina, kwa ajili ya siri za wagonjwa. Ilibaki miaka tu."

"Miaka waliyoitaja mabibi."



"Mnazungumza nini?" Mama Muyeol akauliza. "Kazi imeingiaje mezani?"

Danbi akamgeukia, akaweka mikono miwili magotini. "Mama, moyo wa mtoto wa miezi michache hukimbia mbio. Akifika miaka miwili, mbio hupungua. Sasa kama tumeifundisha mashine kwamba mbio za mtoto kama Doha ni za mtoto wa miaka miwili, basi siku akiletwa wa miaka miwili kweli, moyo wake unakimbia kwa ugonjwa, mashine itasema mzima."

"Kama. Umesema kama."

"Ndiyo, Mama. Nimesema kama."

"Basi hiyo kama yako ingoje Jumatatu ipite."

"Jumatatu masanduku yanaondoka."

"Yaondoke! Mtayarekebisha mbele kwa mbele. Mbona simu yangu hii kila wiki inarekebishwa?"

"Simu ikikosea, Mama, unapotea njia. Hili likikosea, mtoto mgonjwa anarudishwa nyumbani."

Sauti ya Mama Muyeol ilipotoka ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Hujakanyaga kizingiti cha nyumba yangu, umeshaanza kubomoa ukuta. Mwanangu ameitafuta siku ya Jumatatu kwa miaka. Ukipiga simu ya kuizuia, binti, mambo ya harusi usiniulize tena."

Danbi akainuka. Aliinama kwa heshima, akatoka nje. Muyeol akamfuata bila hata kuvaa koti. Nami nikasema naenda kunawa mikono. Mzee akitaka kusikia jambo, mikono yake huchafuka ghafla.

Nyuma ya mgahawa kuna uwanja wa mitungi ya mchuzi wa soya, mikubwa, myeusi, yenye vifuniko. Walisimama katikati yake. Mimi nikasimama nyuma ya mtungi mnene kuliko mimi, na si mingi iliyo hivyo.

"Mbele ya mama yangu, Danbi?" Muyeol akamkabili. "Hukuweza hata kuninong'oneza?"

"Ningenong'ona, ningekuwa nimeanza kuficha."

"Unajua nilivyokwenda kule milimani? Gari linateleza kwenye theluji, nakula tambi za kikopo nimeegemea usukani. Nimewabembeleza watoto wale mmoja mmoja."

"Najua. Ni mimi niliyekutuma."

"Watoto tuliowarekodi hospitalini, wenye umri sahihi, ni wengi zaidi yao. Huenda mashine haikupotoka."

"Huenda."

"Ukizuia, cheo kimekwenda. Nitabaki chini yako. Umemsikia Mama."

"Nimemsikia."

"Na bado?"

Hapo mjukuu wangu akalia. Danbi halii ovyo. Kwenye maziko ya wazazi wake alinishika mimi nisianguke. Lakini pale alilia kama mvua iliyokuwa imekusanya siku nyingi.

"Unadhani napenda? Gauni hili nimelivaa na kulivua mbele ya kioo mpaka Bibi akanicheka. Nilikuwa nahesabu Jumatatu kuliko wewe! Lakini aliyesema kitoke ni mimi, Muyeol. Niliuliza kila swali. Hilo la mabibi sikuliuliza, na mimi mwenyewe nimelelewa na bibi! Nikinyamaza leo ili niolewe, kila asubuhi nitakapofungua macho nikuone, nitaona na mtoto wa mtu katikati yetu."

Upepo ukapita juu ya mitungi. Muyeol alimtazama, na nikaona hasira yake ikitoka kidogo kidogo, kama mvuke chunguni ukishaondoa kifuniko. Akavuta ncha ya ile tai yake mpya, akamfuta nayo mashavu.

"Utaiharibu," Danbi akasema.

"Iharibike. Ilikuwa inaninyonga." Kisha akasema, "Sikio liko garini. Doha amelala. Tusibishane juu ya huenda. Tujue."

Waliporudi chumbani, Mama Muyeol alikuwa vilevile, mgongo wima, hajagusa kitu. Sebin alisikiliza, akauliza kama mwanawe ataumia, akaambiwa hapana, akamfungua vifungo viwili vya nguo. Muyeol akakisugua kile kidude kwenye viganja vyake kwanza, kisije kikamshtua mtoto kwa baridi. Kisha akakiweka kwenye kifua kile kidogo, kifua kisichozidi upana wa kiganja changu.

Ukatoka mlio.

Jamani. Mimi nimezaa, nimelea, nimezika. Nilidhani nimesikia yote. Ule mlio ulijaa chumba mpaka vikombe vikanyamaza. Ulikuwa kama mwanafarasi anayekimbia juu ya daraja la mbao, mwepesi, mwenye haraka, hana anachokiogopa duniani. Mtoto mwenyewe amelala fofofo, mdomo wazi, hana habari, na ndani yake kuna mbio zile! Msichana wa mgahawa aliyekuwa anaingia na sinia la samaki alisimama mlangoni akasahau miguu yake. Sebin alianza kulia bila sauti. Nami nikajikuta nimeweka mkono kifuani kwangu, nikiuuliza moyo wangu, kumbe nawe ulianza hivi?

"Huyo ni yeye?" Mama Muyeol akauliza.

"Ni yeye, Mama."

"Mbona ana nguvu hivyo? Kitu kidogo hivi..." Akasogea kwa magoti, yule mwanamke wa mgongo wima, akainama mpaka nywele zake zikamgusa mtoto. "Na wewe, mwanangu, ndiwe uliyekifundisha chuma kusikia hivi? Mimi miaka yote nilidhani unashinda ukibonyezabonyeza."

"Hatukufundisha peke yetu, Mama. Kila mtoto aliyekubali kushikwa kifua ametufundisha."

Ni jambo la kutisha, la kutisha kwa uzuri, kwamba mikono ya watu inaweza kukipa kitu sikio namna ile. Na nilimwona Danbi, ambaye kila siku hufanya kazi na kitu hicho, anasikiliza kama sisi, midomo imeachana. Muyeol alikuwa anamtazama yeye, si mtoto.

"Sasa liambie ana miaka miwili," Danbi akasema kwa upole.

Muyeol akabonyeza.

"Mtoto wa miaka miwili aliyelala hawezi kuwa na mbio hizi akiwa mzima," akatueleza bila kuinua uso. "Linatakiwa liwashe taa ya njano. Aende kwa daktari."

Tukangoja. Moyo unakimbia, unakimbia. Taa ikawaka.

Kijani.

Ni rangi nzuri, kijani. Siku ile niliiogopa.

"Limesema mzima," Mama Muyeol akasema. "Si ndiyo..." Hakumaliza. Nikaona jambo likimfikia, taratibu, kama maji yanavyofikia mzizi. Akanitazama. "Bibi Danbi. Ungekuwa wewe uko kule mlimani, mjukuu wako ni wa miaka miwili kweli, moyo unamwenda hivi, na chombo hiki kikakuambia mzima. Ungefanyaje?"

"Ningemfunga mgongoni, nikarudi nyumbani naimba."

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi ningeimba."

Danbi alikuwa ameshatoa simu. Muyeol akaufunika mkono wake kwa wa kwake.

"Nipe."

"Kuzuia ni kazi yangu."

"Kuzuia ni kazi yako. Lakini aliyeandika miaka ile ni mimi. Acha niseme mimi."

Akapiga pale pale, amekaa chini mbele ya mama yake, mbele ya samaki na supu iliyopoa.

"Mkurugenzi, ni Muyeol. Samahani kwa kukusumbua Jumamosi. Masanduku yasiondoke... Ndiyo, nina hakika, nimeona kwa macho yangu... Ndiyo, Msimamizi Danbi yupo hapa, na anasema vivyo hivyo... La, hakunilazimisha... Umri wa watoto wa vijijini tuliuandika vibaya. Inabidi turudi kwao, mlango kwa mlango, tuulize upya, kisha tuifundishe mashine upya." Tulisikia kelele zikitoka kwenye simu, kama nyuki ndani ya kopo. Aliinama kana kwamba anaonwa. "Najua, Mkurugenzi. Najua na kuhusu cheo."

Alipozima simu, alimgeukia mama yake, akapiga magoti sawasawa.

"Mama, cheo sina. Nitabaki chini yake, sijui mpaka lini. Pengine naye watamshusha, tutakuwa chini wote. Lakini mtu aliyeliona kosa langu mbele yako, akajua litamgharimu nini, na bado akalisema, nikimwacha huyo nitampata wapi mwingine? Namtaka yeye. Nakuomba."

Danbi alifunika uso. Mimi nilitazama dari, maana kuna mambo ya vijana ambayo hata bibi hapaswi kuyatazama moja kwa moja. Lakini niliyaona.

Mama Muyeol alimwashiria msichana wa mgahawa alete lile sinia. Akalivuta kwake, akashika vijiti, akaanza kumchambua samaki. Alitoa mwiba mmoja, akautazama, akauweka pembeni. Akatoa mwingine. Tulimngoja kama tulivyoingoja taa. Mwishowe akachukua mnofu wa tumboni, ule laini wenye mafuta, akanyoosha mkono juu ya bakuli zote, akauweka juu ya wali wa Danbi.

"Kula," akasema. "Jumatatu unakwenda kugombana na wakurugenzi. Njaa haigombani."

Danbi akaula mnofu ule na machozi yake pamoja, hata sijui ulikuwa na ladha gani.

"Na mimi, Mama?" Muyeol akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe una mikono."

Kisha Mama Muyeol akasogea tena karibu na mtoto, akamwita Danbi kwa kidole akae hapo ubavuni pake, upande wao wa meza.

"Kiwashe tena," akamwambia. "Taa zake sizitaki. Nataka kusikia tu."

Danbi akakiweka kifuani pa Doha. Yule mama akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mjukuu wangu, akafumba macho, na mbio zile zikajaa chumba.